Mto Alazeya Hauelezeki bila Maziwa Yake

Mtu akifungua ramani ya kaskazini-mashariki mwa Siberia, macho yake huvutwa kwanza na Indigirka na Kolyma, mito miwili mikubwa inayomwaga maji yake katika Bahari ya Siberia Mashariki. Kati ya mito hiyo umechorwa mstari mwembamba uliojipindapinda, nao ni Mto Alazeya, ulio katika Jamhuri ya Sakha nchini Urusi. Kwa maoni yangu, mstari huo unamnyima msomaji sehemu kubwa ya jiografia ya mto wenyewe, kwa kuwa unamwonyesha njia ya maji tu na kumficha ardhi iliyoufanya mto uwe kama ulivyo.

Alazeya huanzia pale mito ya Nelkan na Kadylchan inapokutana, kisha huelekea kaskazini na kuingia katika nyanda za chini za Kolyma. Urefu wake ni kilomita 1,590, na sehemu kubwa ya urefu huo imetokana na kuzungukazunguka. Tambarare ile ina mteremko mdogo mno, kwa hiyo maji hula ukingo mmoja na kuacha mchanga kwenye ukingo wa pili, mpaka pindo la mto likatike na kubaki ziwa lenye umbo la mwezi mwandamo.

Hata hivyo, maziwa yaliyoachwa na mto kwa namna hiyo hayatoshi kuieleza tambarare hii. Bonde la Alazeya lina eneo la kilomita za mraba 64,700 na maziwa zaidi ya 24,000, yaani wastani wa ziwa moja katika kila eneo lisilofika kilomita 3 za mraba. Mengi kati ya hayo yametokana na barafu iliyo ardhini. Baridi kali ya kipupwe huupasua udongo. Theluji inapoyeyuka, maji hupenya katika ufa na kuganda humo, na jambo hilo likirudiwa kwa maelfu ya miaka, ufa huwa kabari nene ya barafu iliyosimama ndani ya udongo. Kabari hizo zikiyeyuka, ardhi hudidimia na maji hujikusanya. Ziwa likishapatikana huhifadhi joto la kiangazi na kuendelea kuzila kingo zake zilizoganda, hadi siku linapopata mwanya wa kumiminikia mtoni au katika ziwa jirani. Kinachobaki ni bonde pana lenye majani, ambalo Wasakha huliita alas.

Ndiyo maana naona ni vigumu kusema kwa uhakika mto unaishia wapi na ziwa linaanzia wapi. Ardhi iliyoganda haiyaruhusu maji kuzama, hivyo hata mvua na theluji kidogo hutosha kuilowesha tambarare nzima, na theluji inapoyeyuka baada ya miezi mingi ya mto kufunikwa na barafu, maji hutanda mbali na mkondo wake.

Eneo hili huelezwa mara nyingi kuwa ni tupu, neno ambalo silikubali. Katika kijiji cha Andryushkino, kilicho kando ya Alazeya, wanaishi Wayukagiri, Waeveni na Wasakha, na uvuvi na ufugaji wa kulungu wa aktiki ni sehemu ya maisha yao ya siku zote. Hata udongo wenyewe si mtupu: mwaka 2021 wanasayansi wa Urusi walitangaza kwamba viumbe wadogo waitwao rotifera, waliotolewa katika udongo ulioganda karibu na mto huu na kukadiriwa kuwa na umri wa miaka 24,000, waliamka na kuzaliana baada ya kuyeyushwa.

Ombi langu kwa wachoraji wa ramani na waandishi wa vitabu vya jiografia ni kwamba Alazeya ichorwe pamoja na maziwa yake yote, pamoja na mabonde ya maziwa yaliyokauka, na kando yake uandikwe mwaka ambao picha ya ardhi ilipigwa, kwa sababu ziwa lililoonekana kiangazi kimoja huenda kiangazi kinachofuata likawa limekwisha kuingia mtoni.