Kabla ya kumlaumu mgonjwa, angalieni bomba la wodini

Shangazi yangu alivunjika paja. Bodaboda ilimgonga akitoka sokoni, akapasuliwa, akawekewa chuma, na siku ya tatu daktari akatuambia tujiandae, baada ya wiki moja tungemrudisha nyumbani. Tulikaa hospitalini wiki saba.

Siku ya sita kidonda kilianza kutoa majimaji, kisha usaha. Wakamwanzishia sindano za seftriaksoni, antibayotiki, yaani dawa ya kuua bakteria. Homa ikapanda jioni, ikashuka asubuhi, jioni ikapanda tena. Wakaongeza jentamaisini. Kila dawa ilipobadilishwa nilipewa karatasi, nikaenda dirishani, nikalipa, nikarudi na kifuko. Siku ya kumi na nane alipita daktari kijana ambaye hakuwa wa wodi ile. Alifungua bandeji, akakiangalia kidonda kwa muda, akauliza, "Usaha huu umeshaoteshwa maabara?" Alimaanisha kuwakuza bakteria waliomo ili ijulikane ni nani na dawa ipi inawaua. Hakuna aliyejibu.

Majibu yalitoka baada ya siku tatu. Bakteria aitwaye Klebsiella. Chini yake orodha ya dawa, na karibu kila dawa imewekewa herufi R, maana yake bakteria huyo ni sugu kwake. Seftriaksoni, R. Jentamaisini, R. Dawa tulizokuwa tukizinunua kwa mchango wa ukoo mzima hazikuwa zikimfanya chochote mdudu yule. Zilizobaki na nguvu zilikuwa mbili tu, meropenemu na amikasini.

Halafu mtu mmoja mle wodini, akiwa na nia njema kabisa, akasema, "Mama huyu atakuwa alizoea kukatisha dozi nyumbani." Shangazi alisikia. Usiku akaniuliza, "Mwanangu, mimi nimekosea wapi?" Ni mwanamke ambaye akipewa vidonge huweka alama ukutani kwa mkaa kila anapomeza kimoja, mpaka viishe.

Swali lake ndilo limenifanya niandike. Tumezoea kuueleza usugu wa bakteria kama dhambi ya mgonjwa, na mazoea hayo ni ya zamani. Desemba 1945, Alexander Fleming alipokuwa Stockholm kupokea Tuzo ya Nobel kwa ugunduzi wa penisilini, alitoa mfano wa bwana mmoja wa kubuni aliyeumwa koo. Bwana huyo alijinunulia penisilini, akatumia kidogo kuliko inavyotakiwa, bakteria wakajifunza kuihimili, akamwambukiza mkewe, dawa ikashindwa na mke akafa. Fleming akauliza wa kulaumiwa ni nani, na akajibu kwamba ni yule mume. Onyo lake lilikuwa la kweli. Mpaka leo kuna maduka yanayomuuzia mtu vidonge vinne vya rangi mbili kwa mafua, ugonjwa ambao dawa hiyo haiugusi, na jambo hilo linapaswa kukoma.

Lakini hadithi ya Fleming ni ya nyumbani. Shangazi aliingia hospitali akiwa na mfupa uliovunjika na ngozi nzima isiyo na kidonda. Kwa kadiri ninavyoweza kuelewa, mdudu yule alimkuta kitandani.

Klebsiella huishi kwenye utumbo wa binadamu bila kumsumbua. Balaa huanza akipata mlango: kidonda cha upasuaji, kanula, kile kimrija cha dripu, iliyokaa siku nyingi mkononi, mpira wa mkojo. Hana miguu wala mabawa. Husafiri kwa mikono, kwa toroli la kufungia vidonda, kwa godoro ambalo halikufutwa mgonjwa mmoja alipotoka na mwingine akalala. Baadhi yao hutengeneza kimeng'enya kinachoikata dawa kabla haijawadhuru, na maelekezo ya kukitengeneza wameyabeba kwenye kipande kidogo cha DNA ambacho wanaweza kumpa bakteria wa jirani, hata wa aina nyingine. Wodi inayopiga sindano za seftriaksoni kwa kila anayelazwa huwaua wale dhaifu na kuwaachia nafasi wenye silaha.

Hili halikuanza juzi. Mwaka 2005 ulichapishwa utafiti uliofanywa Hospitali ya Taifa ya Muhimbili kwa watoto waliokuwa na maambukizi ya damu. Kati ya watoto waliopata bakteria wenye kimeng'enya hicho, 71 kati ya kila 100 walifariki. Kwa wale waliopata bakteria wa kundi hilohilo wasio na kimeng'enya, walifariki 39. Nilipozisoma namba hizi niliweka simu chini. Mtoto mchanga hajawahi kukatisha dozi.

Duniani kote, hesabu iliyotolewa kwenye jarida la Lancet mwaka 2022 ilionyesha kuwa mwaka 2019 watu milioni 1.27 walikufa kwa sababu ya bakteria waliokuwa sugu kwa dawa, na kanda iliyoumia zaidi kwa kulinganisha na idadi ya watu ilikuwa Afrika Magharibi.

Sasa nieleze wodi yetu ilivyokuwa. Sinki lilikuwa moja, mwisho wa korido, na bomba lake lilitoa maji siku lilipotaka. Siku nyingine zote kulikuwa na ndoo yenye koki, na sabuni ikiwa kuna ndugu wa mgonjwa aliyeiacha. Usiku sista alikuwa mmoja, pengine na mwanafunzi. Nilimwona akifunga kidonda, akiitwa kitanda cha pili dripu imeziba, akikimbilia cha tatu ambako mtu anatapika. Alikuwa mwanamke mwema aliyechoka. Kumtaka atembee mpaka mwisho wa korido kila anapomaliza kumgusa mgonjwa mmoja, akakute bomba kavu, ni kumtaka jambo lisilowezekana. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitangaza kwamba nusu ya vituo vya afya duniani havina huduma za msingi za usafi, yaani maji na sabuni chooni, na pa kunawia au kitakasa mikono mahali wagonjwa wanapohudumiwa. Nusu!

Na nguvu ya mkono safi tunaijua tangu kabla ya antibayotiki yoyote. Mwaka 1847 huko Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliwaamuru madaktari na wanafunzi kunawa mikono kwa maji ya klorini kabla ya kuwagusa wazazi. Aprili, kabla ya amri hiyo, walikufa takriban wanawake 18 kati ya kila 100 waliojifungua kwenye wodi yake. Juni walikufa kama 2. Wakubwa wengi wa fani yake walimkataa, kwa kuwa kumkubali kulimaanisha kukiri kwamba mikono yao ndiyo iliyoua.

Kwa hiyo ninapoona kampeni nyingine yenye bango la "Maliza dozi yako", naliunga mkono, kisha nauliza bango la sinki liko wapi. Kitakasa mikono hakihitaji kiwanda. Shirika la Afya Duniani limetoa kanuni ambayo famasia ya hospitali inaweza kuifuata: spiriti, gliserini, haidrojeni peroksaidi kidogo, na maji yaliyochemshwa yakapoa. Chupa moja kwenye kila kitanda. Na maabara ya kuotesha iwe katika kila hospitali ya mkoa, yenye vitendanishi mwaka mzima. Kipimo kile kilitugharimu sehemu ndogo tu ya fedha tulizomwaga kwenye dawa zilizoshindwa, na kama kingefanyika siku ya sita, pengine mguu wa shangazi usingekuwa mfupi kama ulivyo leo, maana ilibidi chuma kitolewe na mfupa ukwanguliwe.

Mwezi uliopita jirani yangu alipasuliwa. Nilipokwenda kumwona nilibeba uji kama kawaida, na sabuni ya maji, na chupa ya kitakasa mikono nikaining'iniza kwenye chuma cha kitanda chake. Nesi alipopita aliitazama, akaniuliza kama anaweza kuitumia kwa kitanda cha jirani pia.