Fundi wa Pasua na profesa wa Toronto

Mwaka 1971 Allen Tough, profesa wa elimu huko Toronto, Kanada, alichapisha matokeo ambayo hayakuwapendeza walimu wote. Alikuwa amewahoji watu wazima juu ya mambo waliyojitahidi kujifunza katika mwaka mmoja, akihesabu jambo pale tu lilipochukua angalau saa 7. Akakuta kwa wastani mtu hujifunza mambo 8 hivi, jumla kama saa 700, na mengi kati ya hayo hujipangia mwenyewe. Mwalimu wa darasani alikuwa na sehemu ndogo tu.

Hapa mjini Moshi hatukuhitaji profesa kutuambia. Ingia gereji za Pasua au Majengo uulize fundi kasomea wapi umeme wa magari. Wengi walianza kama saidia fundi, wakashika spana na kuosha plagi kwa petroli. Leo wanachomeka kifaa chini ya dashibodi na kusoma namba za hitilafu kwenye simu. Video wanazofuata huwa za Kiingereza au Kihindi. Wao wanaangalia mikono.

Kwa hiyo anayesema fedha za elimu ya watu wazima ziende kutambua ujuzi uliopo badala ya kufungua madarasa ana hoja nzito. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wanao utaratibu huo, urasimishaji: fundi anapimwa kwa kazi yake, anafundishwa pale penye upungufu, anapata cheti. Bila karatasi, fundi wa miaka 20 anapitwa kwenye ajira na kijana ambaye bado haaminiwi kufungua silinda hedi.

Lakini chukua namba P0171. Maana yake injini inapata hewa nyingi kuliko inayostahili kwa petroli iliyopo. Fundi, kama video ilivyoonyesha, anabadilisha sensa ya oksijeni na kufuta namba. Taa inazima, kisha inawaka tena. Anabadilisha pampu ya mafuta. Mwenye gari analipa tena. Kumbe mpira wa hewa umepasuka baada ya sensa inayopima hewa, na hewa inayopenya hapo kompyuta haina habari nayo. Akijua hilo, fundi angeanza na mpira, bei yake ya kawaida tu.

Ndipo ninapotofautiana na wanaomtumia Tough kupuuza darasa. Aliohoji walikuwa na maktaba za umma na miaka ya shule nyuma yao. Fundi wetu pengine anajifunza saa nyingi kuwazidi, ila mara nyingi anapata hatua bila sababu zake.

Tuliwahi kuwa na njia ya katikati. Kampeni ya Mtu ni Afya, mwaka 1973, ilikusanya watu wapatao milioni 2 kwenye vikundi: redio, kijitabu, kiongozi wa kikundi, mjadala, halafu wanatoka kwenda kuchimba vyoo. Hakuna aliyekuwa akisubiri cheti.

Ningekuwa na fungu, ningeliweka kwenye yale mafunzo ya kuziba upungufu, kwa Kiswahili, palepale gereji, gari likiwa limefunguliwa boneti. Kikwazo ni saa. Daladala huletwa jioni zikishamaliza safari, na fundi aliyeacha kazi akae kwenye somo anaangalia mteja wake akiingia gereji ya jirani. Fidia ya jioni hizo haimo kwenye bajeti ya mafunzo niliyowahi kuiona.