Kiroba Changu Kimerudi Nyumbani

Mvua ya usiku wa kuamkia leo mmeiona wenyewe. Asubuhi natoka na mswaki mdomoni, nafungua geti, nakutana na kiroba. Kiroba cha sembe, kilo 25, kimefungwa kwa kipande cha neti ya mbu. Neti ile naijua, ilikuwa ya chumbani kwangu. Na kiroba chenyewe nilikiaga Jumamosi.

Ndugu zangu, mimi ni mtu mzima, nina wajukuu wawili na kadi ya mpiga kura. Ada ya taka nalipa. Yule binti wa mashine ya risiti hajawahi kupotea nyumba, ukijificha ndani anakuambia, "Baba, ndala zako nimeziona mlangoni." Gari la taka ndilo halijui njia. Wiki ya tatu hii! Vichwa vya dagaa, maganda ya ndizi na pampasi za mjukuu vimekaa pembeni ya ua mpaka vimeanza kuwa na ukoo.

Jirani wa kulia anachoma. Kila magharibi: chupa za plastiki, soli za viatu, nyaya. Moshi mweusi unaingia kwangu bila hodi. Nikimwambia una sumu, anajibu, "Lakini mbu wamepungua, mzee." Wa kushoto anafukia, shimo lenyewe hatua sita kutoka kwenye kisima chake. Simsemi, ana mbwa. Na wale wanaotapisha vyoo mawingu yakitanda, tuwaache, kuna watu wanakunywa chai.

Mimi muungwana nikamwita kijana wa mkokoteni, nikampa buku mbili. "Unapeleka wapi?" "Dampo, mzee." Sasa dampo la Dar es Salaam liko mbali, Pugu Kinyamwezi, na kijana alirudi baada ya dakika kumi anakunywa soda. Hesabu niliiona. Nikaamua kutoipiga.

Basi nakivuta kiroba ndani kimyakimya, mama wa ng'ambo ya mtaro akanyanyua sauti: "Mjumbe! Ndio hawa wanaoziba mtaro!" Maji yalikuwa yamefika kwenye godoro lake. Mjumbe akaja, kanzu, mabuti ya mvua na daftari. Mtaa mzima nyuma yake.

"Kiroba cha nani?"

Kimya. Mimi nikatikisa kichwa kwa masikitiko. "Watu hawana ustaarabu," nikasema, povu la dawa ya meno likinidondoka kifuani.

"Basi tukifungue."

Akakichana kwa ncha ya mwavuli. Maganda ya viazi. Akaandika. Pampasi tatu. "Ana mtoto mdogo," akasema, na wazazi wote wakarudi nyuma hatua moja. Pakiti tupu ya dawa za presha. Hapo macho yakaanza kunitafuta. Kisha kifungashio cha chipsi kuku, na mifupa yake. Mama watoto, ambaye mwezi mzima namwambia hela hakuna, akasogea mbele apate kuona vizuri. Nikaanza kuomba mvua irudi.

Mwisho mjumbe akainama, akaokota kadi. Akaifuta tope kwa mkono wa kanzu. Ilikuwa kadi ya mchango wa harusi, jina langu juu, ahadi elfu hamsini. Harusi ya binti yake.

"Imedondoka tu," nikasema.

Hukumu: nizibue mtaro leo hii, na mchango ufike Ijumaa.

Lakini kwa nini mimi? Taka za jiji hili zimehamahama kuliko mpangaji. Watu wa Tabata walikwenda mahakamani kupinga dampo miaka ya 1980, wakashinda. Wa Kunduchi Mtongani nao wakashtaki, 1991, wakashinda. Zikaenda Vingunguti, zikaenda Mtoni, sasa ziko Pugu. Kote huko kila mtu amesema si kwangu, na mimi ndiye nimeanza leo?

Nikaingia na koleo, maji kiunoni. Vifuko vya plastiki! Si vilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, ukikamatwa navyo faini inaanzia elfu thelathini? Vya kubebea vimekwenda, vile vyeupe vya karanga na ubuyu vimebaki, na vyote viko hapa, vimeshikana kama zege. Na maganda. Maganda, jamani! Ukiyaozesha chini ya mgomba ni mbolea. Ukiyarundika dampo bila hewa yanatoa methani, gesi inayowaka, ndiyo maana milima ile ya taka inafuka moshi hata pasipo mtu mwenye kiberiti. Tunalipa hela kusafirisha mbolea ikaungue! Na mchicha tunanunua.

Saa saba nikasikia honi. Gari la taka. Mtaa wa pili. Nikapiga kelele, dereva akanipungia mkono, akaenda zake.

Ila nimepata ndala yangu ya kushoto, niliyoisaka tangu masika ya mwaka juzi. Ile niliyoikaza kamba kwa waya. Nzima kabisa. Tatizo ya kulia niliitupa mwaka jana, maana haikuwa na mwenzake, na mtaro wetu unamwaga Mto Msimbazi, unaopita Jangwani. Kwa hiyo kama unakaa Jangwani na umeona ndala ya bluu, namba tisa, ya mguu wa kulia, usiichome.