Mshenga, Kaswida na Foleni ya Ubungo

Mjomba alikubali kuwa mshenga wa mdogo wangu kwa sharti moja tu, nalo ni kwamba tangu Magomeni hadi kwa wakwe watarajiwa kule Kibaha zipigwe kaswida tupu, kwa kuwa barua ya posa haibebwi kwa ngoma za vigodoro. Sharti hilo halikunipa taabu. Nilikuwa na pleya ndogo ya MP3 iliyojaa kaswida, na kwa kuwa redio ya gari letu haikuwa na tundu la waya wala la flashi, nilitumia transmita, kile kidude kinachochomekwa kwenye tundu la kiberiti cha gari, kikapokea muziki kutoka kwenye pleya na kuurusha kwa mawimbi ya FM, nawe ukifungulia redio kwenye namba ileile unajiona una stesheni yako mwenyewe.

Tatizo lilianzia Japani. Magari kama letu, yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la huko, yalikuja na redio za kushika megahezi 76 hadi 90, ilhali transmita zinazouzwa Kariakoo hurusha kuanzia 87.5 hadi 108, kwa hiyo asiyefunga ekspanda, kidude cha kuiwezesha redio kushika namba za juu zaidi, hubaki na uchochoro mwembamba kati ya 87.5 na 90, na hata humo stesheni za jiji zimekwisha kujitwalia nafasi. Sasa hesabu mwenyewe magari ya Kijapani yaliyomo Dar es Salaam, yote yakigombania uchochoro huohuo.

Gari likienda, hayo yote hayaonekani. Lakini Ubungo, kabla Daraja la Kijazi halijafunguliwa mwaka 2021, foleni ilikuwa foleni kweli. Tukasimama, na upande wa kulia ikasimama Noah nyeusi iliyojaa vijana. Kaswida ikakatika katikati ya neno, ikaingia singeli, tena ile ya mbio, na mtu akiwataja kwa kelele masela wote wa Manzese.

“Mpwa wangu,” Mjomba akasema taratibu bila kunitazama, “hii nayo ni kaswida ya wapi?”

Nikazima pleya. Singeli ikaendelea. Nikachomoa transmita yenyewe. Ndiyo kwanza ikakolea. Kitufe cha sauti kilikuwa kimeng'oka siku nyingi, kikibaki kijiti cha kuzungushwa kwa koleo, na koleo lilikuwa kwenye buti. Shangazi, aliyekaa nyuma amepakata barua iliyofungwa katika leso nyeupe, akaanza kusoma Ayatul Kursi, kwani kwake yeye chombo kilichochomolewa kikaendelea kuimba kilikuwa na maelezo mamoja tu.

Nikajaribu kueleza kwamba redio ya FM haichanganyi sauti mbili, bali hushika wimbi lenye nguvu zaidi na kulinyamazisha jingine, na kwamba wenye nguvu walikuwa wale wa kwenye Noah.

“Kama ni habari ya nguvu, ngoja,” akasema Mjomba, akashuka na kanzu yake na bakora, akagonga kioo cha Noah.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Mwanangu, sisi tumebeba posa.”

Sikusikia yaliyofuata, maana trafiki alikuwa ameruhusu upande wetu na honi za nyuma zilikuwa zikinitukana, lakini ushenga ni kipaji, na kijana alionekana akiinamia transmita yake na kubadili namba, huku wenzake wakimpigia Mjomba makofi. Mjomba akarudi akihema, ameshinda.

Singeli ikaondoka. Chini yake, kumbe, kulikuwa na mtu mwingine! Transmita yetu ikiwa bado kiganjani mwangu, redio ikaangukia wimbi la gari nisilolijua hadi leo, ikatoka taarabu ya mke akimsuta mke mwenziwe, na Shangazi, ambaye dua yake ilikuwa haijafika mwisho, akaitikia kibwagizo kabla hajajizuia.

“Lete koleo,” Mjomba akasema.

Tulipovuka Kimara redio ilikuwa kimya, na Mjomba, ambaye sauti yake tunaijua sote katika ukoo na hatuisemi, akaanza kaswida ya kwanza mwenyewe. Hadi Kibaha alizimaliza zote anazozijua, kisha akazirudia.