Kijivu cha Mjerumani na kijivu cha "hakuna mtu"

Nikifungua ramani yoyote ya historia mbadala (zile za "ingekuwaje kama mambo yangeenda tofauti") inayogusa huku kwetu Kigoma, macho yanaenda moja kwa moja kati ya Ziwa Tanganyika na Tabora, maana hapo ndo unajua mchoraji alifikiria au alijaza rangi ili amalize. Na mara nyingi unakuta kijivu. Ramani imeandikwa 1880, pwani ina rangi ya Sultani wa Zanzibar, Mreno kule Msumbiji ana kijani chake, halafu bara yote kijivu kama pori lisilo na mwenyewe, wakati mwaka huo mtemi Mirambo yuko Urambo anaamua nani apite njia ya Ujiji na nani asipite, na Waarabu wa Tabora walishapigana naye tangu 1871 wakamjua vizuri tu.

Balaa lenyewe ni kwamba kwa mazoea ya wachoraji wengi kijivu hicho hicho ndo rangi ya Ujerumani. Yaani ukitoka ramani ya 1880 ukaja ya 1895 hakuna kilichobadilika huku, kijivu kwa kijivu, kama vile Mjerumani alikuwepo siku zote. Isike, mtemi wa Unyanyembe (huko Tabora), alipigana na Wajerumani mpaka Januari 1893, akajilipua kwa baruti ndani ya boma lake asikamatwe, na ramani imemfuta kabla hajafa. Mimi hapo siwezi kukaa kimya. Mjerumani abaki na kijivu chake, sawa, ila sehemu ambayo hujui nani alitawala iache nyeupe kabisa au uandike jina la watu wa pale bila rangi, na Urambo, Unyanyembe na Ukimbu ya mtemi Nyungu ya Mawe zipewe rangi kamili kama dola nyingine yoyote.

Sisemi mazoea yote tuyatupe. Mwingereza waridi, Mfaransa bluu, msomaji anaelewa kabla hajagusa ufunguo na hiyo ni nusu ya kazi. Hata hiyo waridi ina sababu yake, rangi ya dola ya Uingereza ilikuwa nyekundu ila wachapaji waliififisha ili majina yasomeke juu yake, kitu ambacho vijana wanaojaza nyekundu kali halafu wanaandika kwa wino mweusi wangejifunza aisee. Sasa mimi kwa kuwa Mwingereza ana waridi, nyekundu yenyewe nampa Sultani wa Zanzibar. Bendera yake ilikuwa nyekundu tupu, anaistahili kuliko mtu yeyote kwenye ramani ile.

Bluu ndo inanipa shida zaidi, sisi wa Kigoma ziwa lipo palepale linaonekana na kwenye ramani ni kipande kirefu cha bluu kutoka kaskazini mpaka kusini. Ukichora historia ambayo Mfaransa amefika hadi ukingo wa ziwa, koloni linazama majini, huoni nchi inaishia wapi. Nikaishia kufanya maji yote yawe na bluu iliyofifia sana karibu nyeupe, mstari wa pwani mwembamba mweusi, na bluu ya Ufaransa nikaisogeza kidogo kuelekea zambarau. Imekaa vizuri.

Kuna watu wanakwambia rangi nne zinatosha ramani yoyote bila majirani wawili kugongana rangi, hesabu ilishathibitishwa 1976. Kweli, wanahisabati Appel na Haken waliithibitisha kwa msaada wa kompyuta, ila hesabu ile inataka kila nchi iwe kipande kimoja. Dola yenye koloni huku na kisiwa kule, na vyote lazima viwe rangi moja, hapo nne zinaweza zisikutoshe.

Halafu kuna hili la kujaza. Dola ya Mirambo haikuwa na mpaka wa kupima kwa rula, kulikuwa na Urambo penyewe, kuna watemi waliomtii, kuna njia za misafara alizozishika, na nje ya hapo watu walimwogopa tu bila kutawaliwa. Ukijaza rangi moja nzito mpaka mwisho unadanganya. Mimi katikati naweka rangi nzito, kwa watemi rangi hiyohiyo nyepesi, na kwenye njia naweka mistari ya mshazari. Mistari ina faida nyingine, ukienda kuprinti steshenari kwa rangi nyeusi tu (ya rangi ni ghali bana) nyekundu na kijani vinatoka kijivu kimoja, mistari inabaki. Na wapo wanaume wasiotofautisha hizo rangi mbili hata kwenye skrini.

Sasa hivi nachora historia mbadala ambayo Mbelgiji hakuondoka Kigoma. Majeshi yake kutoka Congo yaliingia Kigoma mwishoni mwa Julai 1916, Tabora Septemba 19, na Kigoma wakakaa hadi 1921, kwa hiyo siyo ndoto ya mbali. Nimeipa njano ya Mbelgiji ila nyepesi kuliko ya Congo maana ilikuwa ni nchi iliyoshikwa vitani, na nikahakikisha hakuna kijani jirani, mtu asije akasema ni ramani ya Yanga. Jamaa yangu mmoja anashikilia Kigoma lazima iwe zambarau, huyo ni wa chama cha ACT-Wazalendo damu damu na zambarau ndo rangi yao, nimemwambia ramani ni ya 1930 asubiri zamu yake.