Tunisia ilicheza bila mwamuzi

Ukiuliza demokrasia ya Tunisia iliangushwa lini, wengi watakutajia usiku wa tarehe 25 Julai 2021, Rais Kais Saied alipomfukuza waziri mkuu, akasimamisha Bunge na magari ya jeshi yakaziba lango lake. Mimi nasema shimo lilichimbwa miaka mingi kabla, tena na wale wale wanaojiita wanademokrasia.

Katiba ya Januari 2014 ilikuwa nzuri kweli. Ilipita kwa kura 200 kati ya 216, chama cha Kiislamu cha Ennahda na mahasimu wake wakiipitisha pamoja, miaka mitatu tu tangu dikteta Ben Ali aangushwe na kukimbilia Saudia. Ilipiga marufuku mateso, ikalinda uhuru wa dhamiri, ikatamka kuwa raia wa kike na wa kiume wana haki sawa. Ndani yake pia ilikuwamo ibara ya 80, iliyompa rais madaraka ya dharura taifa likiwa hatarini. Na kinga ya wananchi ilikuwa nini? Siku 30 zikipita, Spika au wabunge 30 wangeweza kuiomba Mahakama ya Katiba iamue kama hali ya dharura ingalipo.

Mahakama yenyewe haikuwapo.

Ilitakiwa iundwe ndani ya mwaka mmoja baada ya uchaguzi wa Bunge wa Oktoba 2014. Wajumbe wawe 12: wanne wateuliwe na Bunge, wanne na Baraza Kuu la Mahakama, wanne na Rais. Bunge ndilo lilipaswa kuanza, na kila mjumbe apate theluthi mbili, yaani kura 145. Basi vyama vikageuza uteuzi kuwa biashara ya kuviziana. Kila upande ukimwogopa jaji ambaye kesho angeweza kuukata. Miaka ikayoyoma, likaja Bunge jingine, na hadi 2021 alikuwa amepatikana mjumbe mmoja tu. Ni kuanzisha ligi, kugawa jezi na kuuza tiketi, halafu timu zikatae kila mwamuzi anayetajwa.

Aprili 2021, wabunge waliposhtuka na kulegeza masharti ya kura, Saied, mwalimu wa sheria ya katiba kwa miaka mingi, alikataa kutia saini. Hoja yake ilikuwa kwamba muda wa kikatiba ulishapita. Ujanja, naam, lakini ni nani aliyeuachia muda huo upite?

Simtetei. Juni 2022 aliwafukuza kazi majaji 57 kwa mkupuo. Septemba mwaka huo akatoa Amri ya 54, inayoweza kumpeleka mtu jela miaka mitano kwa "habari za uongo". Wakili Sonia Dahmani alifungwa kwa maneno ya kejeli aliyoyasema kwenye televisheni. Hayo ni yake, si ya Bunge. Ninachosema ni kwamba aliikuta nyumba haina komeo.

Kuna sehemu ya kisa hiki iliyo karibu nasi. Wakili mmoja wa Tunisia alipokosa mahakama kwao, alikuja kushtaki Arusha, kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Septemba 2022 alishinda: Tunisia iliamriwa kufuta amri za dharura alizotoa Saied mwaka 2021 na kuunda Mahakama ya Katiba ndani ya miaka miwili. Haikutii. Machi 2025 ikatangaza kuondoa tamko linaloruhusu raia wake kwenda huko moja kwa moja. Tanzania, mwenyeji wa mahakama hiyo, ilikuwa imefanya vivyo hivyo Novemba 2019, kwa hiyo sisi hatuna uso wa kuwasuta.

Katiba mpya ya Saied, ya 2022, nayo imeahidi Mahakama ya Katiba, safari hii ya majaji tisa wanaopatikana kwa vyeo vyao. Miaka mitatu baada ya katiba hiyo kuanza kutumika, hakuna hata mmoja aliyekuwa amekalia kiti.