Viraka juu, maji chini: tunachogombania kwenye viwanja vya barafu vya New York

Davis Center, kituo kipya cha kuogelea na kuteleza kwenye barafu, ilipofunguliwa Aprili 2025 upande wa kaskazini wa bustani ya Central Park, jirani na mtaa wa Harlem, bei yake ndiyo iliyotangulia midomoni mwa watu: dola milioni 160, kati yake milioni 60 za jiji na zilizobaki zilichangishwa na Central Park Conservancy, shirika lisilo la serikali linaloitunza bustani hiyo. Wanaolalamika wanasema kwa sehemu ndogo tu ya fedha hizo uwanja wa zamani wa Lasker, uliobomolewa kupisha kituo hicho, ungeweza kuzibwa nyufa, ukafungwa kompresa mpya, ukapakwa rangi, na watoto wa Harlem wasingekosa barafu majira manne ya baridi mfululizo.

Hoja hiyo haistahili kupuuzwa. Tangu 1966 Lasker ilikuwa bwawa la kuogelea wakati wa joto na uwanja wa kuteleza wakati wa baridi, na iliwahudumia watu ambao si rahisi kwao kwenda kulipia kwingine. Mtoto aliyekuwa na miaka minane ulipofungwa, mwaka 2021, amefika kumi na mbili kabla ya kukanyaga barafu hapo tena. Ni kweli pia kwamba kubadili mitambo ya kupoza peke yake ni kazi inayoweza kumalizika kati ya Aprili na Oktoba, bila kupoteza msimu hata mmoja.

Lakini mitambo haikuwa tatizo kuu la Lasker. Tatizo lilikuwa mahali ilipokaa. Wajenzi wa miaka ya 1960 waliuweka uwanja kwenye mdomo wa kijito cha Loch, pale kinapotoka bondeni chini ya daraja la mawe la Huddlestone kuelekea ziwa la Harlem Meer. Kijito kikasukumwa ndani ya karavati, na zege likamwagwa juu yake. Tangu siku hiyo mvua kubwa ikinyesha maji hayakuwa na pa kutanukia, na kufurika na kuvuja vikawa sehemu ya maisha ya jengo. Hapo fundi wa viraka angeziba nini? Angeweza kuweka jamvi jipya kabisa, yaani sakafu ya zege, na kijito kingeendelea kulisukuma kutoka chini na pembeni.

Maji chini ya uwanja wa barafu ni hatari kuliko chini ya majengo mengi mengine. Udongo laini uliolowa ukianza kuganda, hunyonya maji zaidi kutoka chini, kama utambi unavyonyonya mafuta, na tabaka za barafu hujengeka ndani ya udongo wenyewe. Ardhi huinuka, jamvi hupinda katikati, kisha hupasuka. Ndiyo maana, ukihesabu kutoka chini, uwanja mzuri huanza na kokoto zenye mabomba ya kutolea maji. Juu yake hulazwa povu gumu la kuzuia baridi, unene wa sentimita 10 hivi, kisha karatasi ya kuzuia unyevu, ndipo nondo, mabomba ya kupozea na zege la sentimita 12 hadi 15. Uwanja unaofanya kazi mwaka mzima huongezewa mabomba ya vuguvugu chini ya povu ili udongo usigande. Wa msimu wa miezi minne au mitano unaweza kuyakosa, ila kwa sharti moja: udongo wake uwe unakauka. Kwenye mdomo wa kijito sharti hilo halitimii.

Wanaotetea viraka hupenda kukumbusha habari ya Wollman, uwanja mwingine wa Central Park. Jiji liliufunga 1980, likatumia miaka sita na dola zaidi ya milioni 12 bila kupata barafu. Kisha Donald Trump akakabidhiwa kazi, na ukafunguliwa Novemba 1986, ndani ya miezi michache. Habari hii husimuliwa kama ushindi wa mfanyabiashara dhidi ya urasimu, na urasimu kweli ulikuwepo. Kinachosahaulika ni mabomba. Jiji lilikuwa limechagua mfumo ambao gesi ya freoni yenyewe hupita ndani ya jamvi, katika mabomba membamba yenye urefu wa karibu kilomita 35. Gesi hiyo huwa na shinikizo, na tundu dogo kama la sindano popote katika kilomita hizo huivujisha bila mtu kuliona. Kilichofanyika 1986 ni kurudi kwenye maji ya chumvi: gesi inabaki chumba cha mashine, inapoza maji ya chumvi, na pampu inayazungusha chini ya barafu. Mfumo huo hula umeme zaidi kidogo, na chumvi ikivuja hula nondo. Hata hivyo uvujaji huonekana mapema kwenye tangi, na hurekebishika. Yaani hata Wollman haikuokolewa na kiraka. Iliokolewa na uamuzi wa kubadili kilichofukiwa.

Nazing'ang'ania kilomita hizo kwa sababu zinaeleza ugumu wote. Uwanja wa hoki wa mita 61 kwa 26 una karibu mita za mraba 1,580. Mabomba yakipishana sentimita 10, unafukia karibu kilomita 16. Zege lake la sentimita 15 ni mita za ujazo karibu 237, sawa na malori 30 ya mita nane, na yote yamwagwe siku moja, kwa sababu mshono kati ya zege la jana na la leo ndio utakaopasuka kwanza. Mabomba hujazwa shinikizo kabla ya kumwaga, na mtu husimama kwenye geji hadi lori la mwisho liondoke. Sindano ikishuka, bomba limetobolewa, na bado kuna dakika chache za kulifukua. Halafu jamvi likae sawa: upande mmoja ukizama sentimita mbili, barafu ya pale itakuwa ya sentimita tano badala ya tatu. Barafu nene ni blanketi, na mashine italipia baridi ya ziada kila usiku kwa miaka 30. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachosahihishwa kwa juu.

Brooklyn walishapita njia hii. Uwanja wa 1961 wa Prospect Park ulimega ziwa na kufuta kisiwa chake cha muziki. Ulibomolewa, kisiwa kikarudishwa, na uwanja mpya, LeFrak Center, ukafunguliwa 2013 pembeni, nje ya maji. Huko Harlem nako kijito cha Loch sasa kinapita juu ya ardhi tena hadi ziwani, na jengo limeingizwa ubavuni mwa kilima chini ya paa lililooteshwa nyasi.

Ninalowakubalia walalamikaji ni ile miaka minne. Kuna uwanja wa muda unaotandazwa juu ya ardhi iliyosawazishwa: mikeka ya mabomba, maji ya glikoli (kemikali inayoyazuia yasigande), mashine ya kupoza ya kukodi, na ndani ya siku chache barafu inashika. Gharama yake ilipaswa kuandikwa kwenye bajeti ya ubomoaji tangu ukurasa wa kwanza, kabla ya kuchagua miti na viti.